Gari la Marehemu Sefu na Majokofu Mawili

Nchi ninayoitumikia haina haja ya kutajwa jina. Walio ndani yake wanaijua, na walio nje hawajawahi kuitafuta kwenye ramani. Itoshe kusema kwamba ina wimbo wa taifa wenye beti kumi na moja, bendera yenye rangi saba, na Idara ya Thamani yenye ghorofa nne. Humo mimi, Mbaruku Lyoba, nimekuwa Mthamini wa Vyombo vya Moto kwa miaka ishirini na miwili. Nayaandika haya kwa aibu. Nasema mapema, ili msomaji asidhani najisifu nitakapoanza kueleza ufundi wetu, maana ufundi wetu ni mkubwa.

Kwanza nieleze kuhusu majokofu. Fedha yetu ina tabia ya kubadilika kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana. Kwa hiyo Bunge, katika kikao kilichosifiwa na kila aliyekuwamo, lilipitisha kwamba thamani ya kitu chochote cha maana iandikwe kwa vitu vinavyoshikika. Nyumba huthaminiwa kwa mabati. Mashamba huthaminiwa kwa magunia ya sukari. Vyombo vya moto, kwa sababu ambazo kamati husika ilizifungia kabatini na kupoteza ufunguo, huthaminiwa kwa majokofu. Pikipiki nzuri ni jokofu moja na nusu. Basi la abiria lenye breki ni majokofu arobaini. Lisilo na breki ni thelathini na tisa.

Pili, nieleze kuhusu Swali la Kwanza. Fomu yetu huanza hivi: *Nani anauza? Nani ananunua?* Mthamini haruhusiwi kukitazama kitu kabla hajajibiwa. Vijana wapya kutoka chuoni huona ajabu. Wao hukimbilia kufungua boneti. Tunawacheka kidogo, kisha tunawafundisha. Iko saa ya ukutani pale ofisini kwetu. Serikali ilipomuuzia dada yake Mkurugenzi, ilikuwa saa mbovu ya bati moja. Dada alipoiuzia Serikali wiki iliyofuata, ilikuwa saa ya kihistoria ya mabati mia mbili. Niliithamini mimi mara zote mbili, kwa kuwa mwenzangu anayeshughulikia saa alikuwa likizo. Katika muda wote huo saa haikuteremshwa ukutani.

Swali hili limenikaa mdomoni kiasi kwamba hata nyumbani halinitoki. Siku moja mke wangu Sikudhani alisimama mbele yangu na kitenge kipya, akaniuliza kama kinampendeza. Nikamjibu, "Nani anauza, nani ananunua?" Hakusema nami siku mbili.

*

Gari lenyewe lilikuwa Veloni Tisa, jekundu, la viti viwili. Kiwanda chake huko mbali kilitengeneza kumi na saba tu, kisha kikafungwa kwa sababu ya kujali uzuri kuliko kujali wateja. Moja lilikuja kwetu na balozi wa nchi ambayo baadaye ilijigawa vipande na kwisha. Balozi aliposikia redioni kwamba nchi yake haipo tena, alishindwa kujua amwandikie nani barua ya kujiuzulu. Alifunga mizigo, na gari, ambalo wakati huo lilikuwa limegonga mti na injini yake imekufa, akamwachia fundi wake, Sefu Mlekwa.

Sefu alilitengeneza kwa miaka kumi na mmoja. Spea zisizopatikana alizichonga mwenyewe, na bodi aliinyoosha kwa nyundo ya mbao kwenye gereji yake ya Mtaa wa Nanga, jioni baada ya jioni, huku mkewe Bi Havijawa akimshikia taa. Lilipowaka, alilipeleka kwenye Mbio za Jamhuri na akashinda mara tatu mfululizo. Mimi nilikuwa navigeta wake, yaani yule anayekaa kiti cha pembeni na daftari, akimsomea dereva njia iliyo mbele. Nilikuwa kijana mwembamba mwenye sauti kubwa. Siku hizi mambo yamegeuka.

Kuna mahali panaitwa Kilima cha Ngunguti. Njia inapanda, inafika kileleni, na hapo hapo inakata kushoto. Dereva haoni kitu ila mbingu. Upande wa kulia kuna korongo ambalo mwisho wake sijawahi kuuona. Katika daftari niliandika kwa kalamu nyekundu: *Kilima. Huoni mbele. Kona kushoto. Usipunguze. Niamini.* Na Sefu hakupunguza, mwaka wa kwanza, wa pili wala wa tatu. Alikata kushoto kwa neno langu tu.

Alifariki kitandani kwa homa, mtu aliyekuwa akienda kasi namna ile. Gari likabaki gerejini chini ya turubai, na mafundi sita aliowafundisha wakaendelea kufanya kazi pembeni yake. Kila Ijumaa Bi Havijawa alilifuta vumbi kwa kanga yake ya zamani.

*

Bi Havijawa alikuja ofisini kwangu mwezi wa tatu, mkoba kwapani, kajitanda vizuri kama anayekwenda kwenye maulidi.

"Shemeji Mbaruku, leo nimekuja kikazi," alisema. "Usiniagizie soda."

"Soda utakunywa, shemeji. Kazi itafuata."

"Haya, lakini iwe ya baridi. Mara ya mwisho ulininywesha uji."

Akacheka, nami nikacheka. Kisha akatoa barua. Mzee mmoja wa ng'ambo, anayekusanya magari ya zamani kama watoto wanavyokusanya vifuniko vya chupa, alikuwa amelisikia gari la Sefu. Katika yale kumi na saba yalibaki mawili tu duniani, na lile jingine lilikuwa lake. Alitaka kulinunua. Bei aliyoitaja, tulipoibadilisha kwa kipimo cha nchi yetu, ilifika majokofu elfu moja na mia mbili.

"Mwenye kiwanja cha gereji anauza," Bi Havijawa alisema. Sasa hakuwa anacheka. "Kanipa mpaka mwisho wa mwezi. Nikizipata fedha hizi, nanunua kiwanja, na chumba changu cha nyuma, na wale vijana wa Sefu wanabaki kazini. Nisipozipata, shemeji, tunatoka sote. Gari naliuza roho inaniuma, lakini yeye mwenyewe angeniambia niuze. Wameniambia nahitaji cheti kutoka kwenu."

Nikamweleza sheria. Kitu adimu hakitoki nchini bila Cheti cha Thamani. Nilimweleza pia kwamba cheti huandikwa kwa thamani ya soko. Sikumweleza kifungu kinachofuata, kwamba kitu kikishathaminiwa, Serikali ina haki ya kukinunua kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa bei ile ile iliyo kwenye cheti. Nilinyamaza kwa sababu soda ilikuwa imeletwa, na ilikuwa ya baridi, na alikuwa amefurahi.

"Nani atakuja kulikagua?" aliuliza.

"Mimi."

"Alhamdulillahi. Nilikuwa naogopa ataletwa mtu asiyelijua."

"Usiwe na wasiwasi, shemeji," nikamwambia. "Niamini."

*

Jibu la Swali la Kwanza lilishuka kutoka ghorofa ya nne siku mbili baadaye, kwenye karatasi ndogo. *Anayeuza: mjane. Anayenunua: Serikali, kwa matumizi ya Mheshimiwa.* Mheshimiwa alikuwa Ndimbo, Waziri wa Thamani na Maadili, ambaye inasemekana alikuwa ameshajenga banda la vioo la kuliwekea gari hilo. Banda lilikuwa na feni mbili.

Kamati ilikwenda Mtaa wa Nanga ikiwa na watu tisa. Tuliongozwa na Mkurugenzi wangu, Dakta Bakilana, mtu anayeanza kila sentensi kwa neno "kimsingi". Walikuwapo pia mjumbe wa Barabara, mjumbe wa Urithi, mjumbe wa Usalama, na wengine ambao kazi yao ilikuwa kukaa upande wa kivuli. Bi Havijawa alikuwa ameliosha gari tangu alfajiri. Lilisimama katikati ya gereji, jekundu, likimetameta, na wale mafundi sita walikuwa wamevaa mashati safi. Niliona haya kulitazama.

Jedwali letu la Uchakavu lilitungwa kwa ajili ya matrekta ya ushirika, lakini hutumika kwa kila kitu chenye magurudumu. Tulianza.

"Lina mwendo gani?" aliuliza mjumbe wa Barabara.

"Mia mbili na themanini kwa saa," fundi mkubwa alijibu kwa fahari.

"Na mwendo unaoruhusiwa nchini?"

"Themanini."

"Basi hizo mia mbili hazina kazi. Andika, Mbaruku: mwendo usiotumika. Punguza."

Nikaandika.

Mjumbe wa Usalama alitaka kujua kwa nini lina viti viwili. Mtu mwenye mke, watoto wanne na mama mkwe atawaweka wapi? Punguza. Mjumbe wa Urithi aliinama, akaingia, akakaa, akashindwa kutoka, akavutwa mikono, kisha akasema kwamba gari linalomfanya mtu mzima atoke kwa magoti linashusha hadhi. Punguza. Mlangoni palionekana kibonyeo kidogo cha jiwe la Mbio za Jamhuri, mwaka wa pili, ambacho Sefu alikataa kukinyoosha kwa sababu alikipenda. Punguza.

"Haya magari yamebaki mangapi?" aliuliza Dakta Bakilana.

"Mawili, mzee," alisema fundi mkubwa. "Dunia nzima. Ndiyo maana—"

"Kimsingi, gari lisilo na wenzake ni gari lisilo na spea. Adimu. Punguza asilimia arobaini."

Fundi mkubwa alinigeukia mimi. Alijua kwamba najua. Nilishawahi kukaa ndani ya gari lile, kwenye kiti cha kushoto, na nilijua sauti ya kila gia yake. Niliinamisha uso kwenye karatasi, nikaandika arobaini, na nikaichora sifuri yake vizuri sana, kwa utulivu, kama vile sifuri ndiyo iliyokuwa shida.

Tulipojumlisha, gari lilipata hasi tatu. Yaani kwa mujibu wa Jedwali, Bi Havijawa alitakiwa kuipa Serikali majokofu matatu ili ikubali kulichukua. Hapo wajumbe wenyewe walikohoa. Dakta Bakilana, ambaye ni mtu mwenye huruma, aliagiza tutumie njia ya pili, njia ya ulinganisho, inayodai mauzo matatu ya vitu vinavyofanana na hicho, ndani ya nchi, katika miezi sita iliyopita. Barua ya mzee wa ng'ambo ilikataliwa, kwa kuwa soko la nchi yetu liko nchini kwetu.

Veloni Tisa nyingine haikuwapo. Tukatafuta vinavyofanana. Tulipata gari la zimamoto lisilo na tangi, jekundu. Tukapata pikipiki ya posta, nyekundu. Cha tatu kilisumbua kidogo, mpaka mjumbe wa Urithi alipokumbuka kiti cha kinyozi kilichouzwa mnadani, kiti chekundu, cha ngozi, kinachoinama nyuma. Ulinganisho ulionekana mzuri, hasa upande wa kiti. Tukachukua wastani, tukautoa uchakavu, tukaongeza kidogo kwa ajili ya ujane.

Ikatoka: majokofu mawili.

Muda wote huo Bi Havijawa alikuwa amesimama kando ya tanuri la kuchomelea, akitabasamu. Alikuwa haoni vizuri maandishi ya mbali, na safu za Jedwali hakuzielewa, lakini alimjua anayeandika.

*

Alikuwa amepika pilau kwa ajili ya kamati nzima. Wajumbe walifungiwa sehemu zao kwenye mifuko wakaondoka. Mimi shemeji nilibakizwa nile mkekani. Cheti kilikuwa mfukoni mwangu, kimejazwa kila mahali isipokuwa mahali pa sahihi, na nilitakiwa kukirudisha saa tisa.

"Kula, Mbaruku. Umekonda roho," aliniambia. "Mwili umenenepa, lakini roho imekonda."

Kisha akaingia ndani, akatoka na kitu kimefungwa kwenye kitambaa. Lilikuwa lile daftari. Jalada limeng'oka, kurasa zina madoa ya grisi ya vidole vya Sefu na mwandiko wangu wa ujana.

"Alikuwa akilisoma usiku akiwa anaumwa," alisema. "Ananiambia, 'Mwanamke, mimi sikuwa na macho pale. Macho yangu alikuwa nayo Mbaruku.'"

Nilikunywa maji, nikamwambia chakula kitamu, nikaomba kunawa mikono.

Ningependa kuandika hapa kwamba nilitishwa. Msomaji angenihurumia, nami ningelala. Lakini hakuna aliyenitisha. Hakuna aliyeniita kwenye chumba chenye giza wala kumtaja mke wangu. Dakta Bakilana alinipokea kwa tabasamu, akasema, "Kimsingi, Mbaruku, ghorofa ya nne kuna kiti kitupu," na kunipa kalamu. Basi. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika tano. Nilikuwa na dakika tano nzima za kuwa mtu mwingine, na nilizitumia kujaribu kama kalamu inaandika.

Cheti nilimpelekea mwenyewe. Alikisogeza karibu na uso.

"Majokofu elfu mbili?" aliuliza, na kwa nukta moja uso wake ukawa wa binti.

"Mawili, shemeji."

"Elfu mbili?"

"Mawili."

Akakigeuza nyuma, akakigeuza mbele. "Na hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

Nilijiandaa kutukanwa. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, na kusema kweli nilikuwa nautamani huo utukanaji. Bi Havijawa akakikunja cheti polepole.

"Basi sawa," alisema. "Kama ni wewe uliyeandika, labda ndiyo thamani yake. Sisi tulikuwa tunaliangalia kwa mapenzi tu."

*

Serikali yetu hulipa papo hapo. Gari la Wizara lilikuja Mtaa wa Nanga likachukua Veloni Tisa na kuacha jokofu moja, pamoja na karatasi inayosema kwamba la pili litafuata. Mwisho wa mwezi kiwanja kikauzwa. Mafundi wale sita walitawanyika; mmoja namwona hadi leo njia panda akiziba pancha za baiskeli, na akiniona mimi huangalia pancha.

Nami nilihamia ghorofa ya nne. Siku ya pili yake, jokofu lililetwa nyumbani kwangu, kubwa, jeupe, lenye taa ndani, na kadi ya shukrani kutoka kwa Mheshimiwa. Sikudhani alipiga vigelegele. Majirani walikuja kuona barafu. Jioni nikataka kulisogeza lisikae karibu na jiko, nikaona nyuma yake karatasi ya ghala la Serikali: *Jokofu la 2 kati ya 2. Mpokeaji: Bi Havijawa, mjane, Mtaa wa Nanga.*

Msomaji atauliza nilifanya nini. Nililisukuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta.

Tangu siku ile nakunywa maji ya mtungi. Mke wangu huwaambia watu nina matatizo ya meno.

*

Mheshimiwa Ndimbo aliliendesha gari mita kumi na moja. Tumbo lake, ambalo limehudumu katika serikali tatu, lilikataa kuafikiana na usukani, na ilibidi walinzi wanne wamtoe, wawili wakivuta na wawili wakisukuma. Akatambua papo hapo kwamba gari lile ni la wananchi wote. Akaamua kuliuza kwa Makumbusho ya Taifa.

Karatasi ndogo ikashuka tena, ingawa safari hii haikuwa na safari ndefu. *Anayeuza: Mheshimiwa. Anayenunua: Taifa.*

"Kimsingi," alisema Dakta Bakilana, akilizunguka gari mikono ikiwa nyuma, "hiki ni kitu adimu."

"Adimu sana," alisema mjumbe wa Urithi. Nikaongeza asilimia mia nne. Mwendo usiotumika ulikuwa akiba ya taifa. Viti viwili vilikuwa heshima, maana gari la wengi si gari. Kutoka kwa magoti kulikuwa kunamfunza mtu unyenyekevu. Mbele ya kile kibonyeo cha mlangoni kamati nzima ilisimama wima, na mjumbe wa Usalama akavua kofia. Kiti cha kinyozi hakikutajwa na mtu. Ikatoka: majokofu elfu nne.

"Lakini historia yake ithibitishwe," Dakta Bakilana alisema. "Tunahitaji lile daftari la njia. Na tunahitaji shahidi aliye hai." Akaniwekea mkono begani. "Wewe, Mbaruku, unavyo vyote viwili."

Daftari sikuwa nalo. Nilitumwa kulitafuta.

Bi Havijawa alikuwa amepanga chumba kimoja nyuma ya nyumba ya dada yake, mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika. Nilimkuta nje akichoma vitumbua, na ndani, kupitia mlangoni, niliona jokofu la kwanza. Alikuwa ameligeuza kabati. Unga ulikuwa juu, vyombo katikati, na chini viatu vya Sefu vya kuendeshea.

"Karibu shemeji. Umepotea."

"Kazi, shemeji."

"Kazi hizo. Kaa." Akanipa kitumbua. Nikakishika tu. Nikamweleza kwamba Taifa limeamua kumuenzi marehemu, kwamba gari litawekwa mahali pazuri, penye taa, na kwamba daftari linahitajika. Alisikiliza huku akigeuza vitumbua. Aliinuka, akaenda kwenye jokofu, akalitoa daftari kwenye kitambaa chake.

"Na hili nalo lina thamani, Mbaruku?" aliuliza. Hakuwa ananisimanga. Aliuliza kama mtu anavyomuuliza fundi.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilifungua mdomo kumwambia kwamba halina bei, na mdomo ukasema:

"Nani anauza, nani ananunua?"

Mafuta yalikuwa yakichemka kwenye kikaangio. Bi Havijawa aliniangalia, na nikaona jambo likimfikia, polepole, tangu cheti, tangu Jedwali, tangu ile soda. Hakupaza sauti. Alitoa kicheko kidogo, cha mtu aliyechoka.

"Hapa hakuna anayeuza, shemeji," alisema. "Chukua. Ni mwandiko wako."

Nikachukua. Nilikuwa nimeshageuka niondoke aliponiita.

"Lile friji la pili, mlisema litafuata lini?"

"Linashughulikiwa," nilimjibu.

*

Siku ya uzinduzi bendi ilipiga beti zote kumi na moja. Mheshimiwa Ndimbo alipanda jukwaani.

"Ndugu wananchi," alisema, "wako wanaosema viongozi wanachukua tu. Leo mmeniona natoa. Ningeweza kuliuza gari hili nje kwa mzungu. Nimejinyima. Nimewaachia nyinyi, kwa moyo mweupe, kwa majokofu elfu nne tu!"

Makofi yakapigwa. Bi Havijawa hakualikwa, kwa kuwa jina lake halikuwa kwenye karatasi yoyote ya mauzo ya pili.

Sasa gari liko ndani ya kioo, na daftari limefunuliwa kwenye ukurasa wa Kilima cha Ngunguti. Kila Jumamosi, kwa agizo la ghorofa ya nne, nasimama kando yake nikiwa nimevaa kofia ya mbio isiyoniingia vizuri, nikiwaeleza wageni. Wanapenda sana yale maandishi mekundu. Wananiomba niwasomee. Ninasoma *Kilima, huoni mbele, kona kushoto, usipunguze*, na neno la mwisho nawaachia walisome wenyewe.

Wiki iliyopita Makumbusho yaliagiza kila kilicho ndani ya chumba kile kithaminiwe upya kwa ajili ya bima: gari, kioo, daftari, zulia. Na shahidi aliye hai, ambaye kwenye orodha ni namba tano. Mthamini wa vyombo vya moto ni mimi, na chumba chote ni changu kukithamini. Nilivimaliza vinne kabla ya chai. Kisha nikachukua fomu ya tano, nikakaa kwenye kiti changu cha ghorofa ya nne, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili sikuhitaji karatasi ndogo ishuke kutoka popote.

*Nani anauza?* Niliandika jina langu. *Nani ananunua?* Nikaandika la Mheshimiwa, nikalifuta, nikaandika Serikali, nikafuta na hiyo, nikaacha patupu, maana kusema kweli hakuna aliyekuja kuninunua. Nilijipeleka mwenyewe, saa tisa kasoro dakika tano.

Mauzo yanayofanana nchini, miezi sita iliyopita: mengi.

Thamani ya soko: jokofu moja, lililotumika.

Dakta Bakilana aliipitia fomu, akasema kimsingi nimejipendelea, lakini akaweka sahihi.